Kwa nini ma-DJ wa kike ni wachache, na nafasi waliyo nayo hapa Pwani

Leo nataka tuzungumze kuhusu kazi ambayo wazazi wengi hapa Pwani hawaihesabu kuwa kazi, na wanaoihesabu huiona ni ya wavulana: kazi ya DJ, pamoja na ufundi wa sauti unaoambatana nayo. Naizungumzia kwa sababu ina pesa, ina soko hapa hapa kwetu, na sehemu kubwa ya soko hilo imo mikononi mwa wanawake. Hata hivyo, wanawake wanaoifanya ni wachache mno. Nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, hesabu zinasemaje, waliotangulia ni akina nani, kinachowazuia wengine ni nini, na binti anayetaka kujifunza aanzie wapi.

Kazi yenyewe

Wengi hudhani DJ hubonyeza kitufe tu, wimbo ukalia. Sivyo. DJ huutazama ukumbi akajua watu wanataka nini. Wimbo mmoja ukiwa unalia kwenye spika, yeye husikiliza unaofuata kwa sikio moja kwenye hedifoni, akalinganisha mwendo wa mapigo kwa dakika, kisha akaziunganisha nyimbo mbili bila wachezaji kupoteza hatua. Mbele yake ana mikisa au kontrola yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito, ya kati na nyembamba.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Chakacha huenda kwa mapigo sita na bongo fleva nyingi kwa manne, kwa hivyo kutoka moja kwenda nyingine kunataka sikio lililozoea. Wimbo wa taarabu nao waweza kupita dakika kumi, na DJ asiyejua ada zetu ataukata wakati ndio kwanza kina mama wanainuka kwenda kutuza.

Pamoja na DJ yuko fundi mitambo, anayepanga spika, kuunganisha nyaya na kuhakikisha maikrofoni haipigi mluzi. Na kabla ya wote hao yuko prodyuza, aliyeketi studio akarekodi sauti na kuutengeneza wimbo wenyewe. Hizo ni kazi tatu, na zote tatu wanawake ni nadra.

Hesabu zinasemaje

Chuo kikuu cha University of Southern California kilitoa utafiti mwaka 2018 kuhusu nyimbo 600 zilizovuma zaidi Marekani kati ya 2012 na 2017. Miongoni mwa waimbaji, wanawake walikuwa asilimia 22.4. Miongoni mwa watunzi wakashuka hadi asilimia 12.3. Walipohesabiwa maprodyuza, wanawake walikuwa asilimia 2 tu. Kila unaposogea kutoka kwenye maikrofoni kwenda kwenye mtambo, ndivyo wanawake wanavyopungua.

Upande wa ma-DJ, mtandao wa wanawake wa muziki wa elektroniki uitwao female:pressure, ulioanzishwa 1998, umekuwa ukihesabu majina kwenye matamasha ya muziki huo. Mwaka 2012 wanawake walikuwa asilimia 9.2. Kufikia 2020 na 2021 walikuwa wamefika asilimia 26.9. Hesabu hiyo yatufunza kwamba hali hubadilika pale watu wanapoifuatilia. Lakini kileleni bado ni kugumu. Jarida la DJ Mag la Uingereza lilimweka Smokin' Jo nambari moja mwaka 1992, na hadi sasa hakuna mwanamke mwingine aliyeipata nafasi hiyo kwenye orodha yake kuu.

Wanawake hawakuchelewa kufika kwenye mitambo

Wako wanaosema wanawake hawana hamu ya nyaya na vitufe. Historia inawakanusha. BBC ilipofungua karakana yake ya sauti, Radiophonic Workshop, mwaka 1958, mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanamke, Daphne Oram. Mwenzake Delia Derbyshire, aliyesomea hisabati na muziki Cambridge, aliomba kazi kwenye kampuni ya kurekodi ya Decca mwaka 1959. Akajibiwa kwamba studio zao haziajiri wanawake. Akaingia BBC, na mwaka 1963 akaitengeneza sauti ya mwanzo wa kipindi cha televisheni cha Doctor Who kwa kukata na kuunganisha vipande vya utepe kwa mkono, kutokana na utunzi wa Ron Grainer. Jina lake halikuandikwa kwenye kipindi hicho mpaka 2013, miaka 12 baada ya kufa kwake. Kwa hivyo pengine uchache tunaouona umechanganyika na jambo la pili: aliyefanya kazi kutotajwa.

Hali ya kwetu

Hapa Pwani hatujapungukiwa na wanamuziki wa kike. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na wengi tumemjua kupitia kitabu cha Shaaban Robert. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni, na alipofariki 2013 dunia nzima ilimtaja. Mombasa tumekuwa na Zuhura Swaleh na Malika. Kwenye harusi, kina mama wamepiga vugo kwa pembe na wakacheza lelemama kwa vyama vyao wenyewe, wakichanga pesa zao na kujipangia shughuli zao.

Sasa tazama nani alikuwa akishika mtambo. Kanda za taarabu zilizotoka Mombasa, zikiwemo zile za Mbwana Radio Service zilizosikika pwani nzima, zilikuwa na sauti nyingi za wanawake, lakini ufundi wa kurekodi na kunakili ulikuwa wa wanaume. Kijana wa kiume aliingia dukani kwa mjomba wake, akatumwa kushika waya, akafunzwa kuchomelea, akatoka fundi. Dada yake hakuwa na mahali pa kusimama kwenye duka lile. Ufundi huu haukufundishwa shuleni. Ulirithiwa kibarazani na dukani, na binti hakualikwa.

Mimi mwenyewe niliiona hali hiyo nilipokuwa nikisomea diploma ya uanahabari. Kwenye studio ya mazoezi, wasichana tulielekezwa kusoma habari na wavulana wakaketishwa kwenye mikisa. Hakuna aliyetukataza. Ilichukuliwa tu kwamba ndivyo ilivyo, na tukahitimu hivyo.

Waliofungua njia

Afrika Mashariki haina uhaba wa mifano. Uganda kuna DJ Rachael, aliyeanza kupiga muziki miaka ya 1990 na ambaye hutajwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa katika kazi hii eneo letu. Baadaye alianzisha Femme Electronic, mradi wa kuwafunza wanawake u-DJ na utengenezaji muziki. Kenya tuna Pierra Makena, aliyepitia uigizaji na redio kabla ya kujenga jina lake kama DJ, na Coco Em, ambaye hupiga muziki na pia huutengeneza, na mwaka 2022 akatoa kazi yake iitwayo Kilumi. Unguja, Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi mwaka 2009, kikundi cha taarabu ambacho wanawake hawaimbi tu, bali hushika ala zote wenyewe. Walioambiwa udi na fidla ni vya wanaume walivipiga.

Kinachozuia

Kwa jinsi ninavyoona, vizuizi ni vinne.

Cha kwanza ni mafunzo, kama nilivyoeleza. Cha pili ni mtaji. Kontrola, laptopu na spika ni mzigo wa pesa, na familia ikipata kidogo cha kumwanzishia mtoto biashara, ya binti huwa cherehani au saluni. Cha tatu ni usiku. Shughuli hukwisha saa sita au saa saba, na mwanamke mwenye vifaa vya thamani kwenye tuktuk ana hofu ya wizi na hofu ya maneno ya watu. Cha nne ni dharau ya kikazi: kumwita DJ wa kike kwa sababu ya sura, kumsimamia fundi wa kiume nyuma yake kana kwamba ataharibu, kisha kumlipa kidogo.

Sikutaja dini miongoni mwa vizuizi, na najua wapo watakaouliza. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Wanavyuoni wetu wametofautiana kuhusu ala za muziki, na dufu la harusi lina nafasi yake inayojulikana. Anayejiepusha na muziki ana haki yake, na nyumba yake iheshimiwe. Lakini harusi nyingi zetu muziki tayari unapigwa. Swali lililobaki ni nani anayeupiga, na hapo ndipo tunapojipinga wenyewe.

Upande wa wanawake

Siku ya kumuonyesha bi harusi, ukumbi mzima ni wanawake. Mlangoni kuna anayezuia simu za kamera. Wageni wameacha mabuibui yao kwenye viti, bi harusi yuko wazi nywele na mikono. Anayepiga picha ni mwanamke, anayepakua ni mwanamke. Kisha pembeni kuna pazia, na nyuma yake, mara nyingi, yuko kijana wa kiume na mitambo yake. Anaambiwa asichungulie. Umeme ukikatika au waya ukilegea, kina mama wanakimbilia kujitanda ili atoke kutengeneza.

Tumeweka sitara kila mahali, tukaacha tundu moja hapo. Na si kwa kupenda, ni kwa sababu wa kike hapatikani, au yuko mmoja na tarehe zake zimejaa, hasa mwezi wa Shaaban ambapo kila mtu anakimbizana na Ramadhani.

Jambo hili linatatulika, na kamera imeshatuonyesha. Nakumbuka wakati ilikuwa shida kumpata mwanamke wa kupiga video. Familia zikashikilia kwamba hazitaki mwanamume ndani, mabanati wachache wakajifunza, na leo ni kazi inayolisha nyumba nyingi. Sauti yaweza kufuata njia ile ile. Tena ni kazi ambayo mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuikubali kwa urahisi: shughuli ya wanawake watupu, ukumbi unaojulikana, mara nyingi mchana au jioni.

Na ufundi wa sauti hauishii harusini. Maulidi ya kina mama, mashindano ya kaswida ya madrasa, darsa, mahafali ya shule na vipindi vya redio vyote vinahitaji mtu wa kupanga maikrofoni na kurekodi vizuri. Hata binti asiyetaka kupiga nyimbo za dunia ana kazi hapo.

Pa kuanzia

Anayetaka kujifunza asingoje kontrola. Programu ya Mixxx ni ya bure na hufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Inatosha kujifunza kuhesabu mapigo na kuunganisha nyimbo. Kwa kurekodi na kusafisha sauti ipo Audacity, nayo ni bure. Mwenye simu tu aweza kuanza na BandLab. Miezi mitatu ya mazoezi nyumbani itamwonyesha kama ana sikio la kazi hii kabla hajatumia pesa ya mtu.

Kwa mafunzo ya ana kwa ana, Swahilipot Hub hapa Mombasa hukutanisha vijana wa sanaa na wa teknolojia, na ina redio yake. Nairobi kuna chuo cha Santuri kinachofunza muziki wa elektroniki. Unguja, Dhow Countries Music Academy imefunza muziki wa kwetu tangu 2002. Mtaji nao si lazima uwe wa mtu mmoja. Vyama vyetu vya kina mama hununua masufuria, viti na mahema ya kukodisha; seti moja ya spika na mikisa ingeweza kuingia kwenye orodha hiyo hiyo, ikawa mali ya chama na chuo cha mabinti wao.

Mwenye kazi naye ajilinde: makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu, arbuni ilipwe kabla ya tarehe, saa ya kumaliza ijulikane, na usafiri wa kurudi uwe ndani ya bei.

Kina mama mnaopanga harusi za miezi ijayo, ombi langu kwenu ni dogo. Mnapouliza bei ya DJ, ulizeni kwanza kama yuko mwanamke. Akipatikana, mlipeni kama mngemlipa wa kiume. Asipopatikana, mwambieni yule wa kiume aje na msaidizi wa kike, akae naye kwenye mitambo ajifunze. Harusi tano za namna hiyo na mtaa wenu utakuwa na fundi wake.