El Adde: idadi isiyotangazwa

Kifungu cha 240 cha Katiba ya Kenya nimekisoma mara nyingi kazini: jeshi likienda nje kulinda amani, Bunge liidhinishe kwanza. Sasa angalia 2011. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba. Wabunge wakaidhinisha kujiunga na AMISOM Desemba, buti zikiwa zimeshatangulia.

Januari 15, 2016, alfajiri, Al-Shabaab walivamia kambi ya El Adde. Walikufa wangapi? Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200. CNN ikahesabu angalau 141. Serikali yetu? Kimya. Siri za vita nazielewa, lakini adui alikuwa palepale, aliwaona. Aliyefichwa ni nani basi? Na mazishi tuliyafanya hadharani, kijiji baada ya kijiji.