Nani Asafishe Ardhi Iliyoachwa na Askari?

Leo tunaanza na methali. Wahenga walisema: mavi ya kale hayanuki. Walitaka tusifukue ugomvi uliopita, na katika kazi ya amani tunalitumia neno hilo mara nyingi. Lakini kuna kitu kimoja kisichofuata methali hiyo, nacho ni bomu la kale. Bomu lililolala udongoni miaka ishirini linaweza kulipuka kana kwamba limetupwa leo asubuhi.

Basi swali letu ni hili: askari wakiisha kuondoka mahali walipofanyia mazoezi au walipopiga kambi, nani anapaswa kusafisha ardhi ile?

Kabla ya kufika kwetu Kirolirwe, twende kwanza Kenya, maana huko swali hili liliulizwa kwa sauti kubwa. Archer's Post katika Samburu na Dol Dol katika Laikipia ni mahali ambapo jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi ya silaha kwa zaidi ya miaka hamsini, tangu wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wa 1963 liliendelea kwa mapatano na serikali ya Kenya. Ardhi ile haikuwa tupu. Wasamburu na Wamasai walichunga humo. Mazoezi yalipokwisha, mbuzi walirudi malishoni na watoto wachungaji nyuma yao. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki katika majani. Mtoto huona chuma kinachong'aa, hukiokota, hukigonga kwa jiwe. Watu walikufa. Wengine walipoteza mikono, miguu, macho.

Siku ilifika wenyeji wakakusanya ushahidi wao, na wakili wa London, Martyn Day, akapeleka madai Uingereza. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 220. Yalikuwa mapatano, hapakuwa na hukumu. Uingereza ilikubali sehemu tu ya wajibu, maana majeshi mengine pia yalikuwa yametumia viwanja vile. Tushike jambo hili: neno la "si sisi peke yetu" lilipunguza wajibu, lakini halikuufuta. Tushike na la pili: fedha hutuliza familia ya aliyeumia, lakini haziondoi bomu lililobaki. Kulipa fidia ni kazi moja, kusafisha ardhi ni kazi nyingine, na mwenye haki adai zote mbili.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu jambo ni gumu zaidi. Kule Kenya jeshi lililodaiwa lilikuwa na bendera na ofisi. Hapa Masisi wamepita wengi. Kulikuwa na vita vya RCD kuanzia 1998. Mushaki ilijulikana kama kituo cha kuchanganya na kufundisha askari. Mwaka 2007 na 2008 Kirolirwe ilikuwa mikononi mwa CNDP ya Laurent Nkunda, huku familia zilizokimbia vita zikijenga vibanda palepale. Januari 2023 M23 iliingia Kitchanga, na watu wakakimbia tena. Kila aliyepita alikuwa na silaha, na guruneti iliyolala katika shamba la maharagi haisemi ni ya nani.

Hapo ndipo hatari nyingine inaanza. Mtoto akiumia malishoni, neno la kwanza linalosikika kijijini ni "watu wa kabila lile ndio waliitega." Kesho yake kijana mmoja anapigwa njiani, na vita vinarudi kwa mlango wa nyuma. Wandugu, kabila halifukii mabomu. Anayefukia ni askari aliyeamriwa na mkubwa wake. Tukitafuta wajibu, tuutafute kwa jina la kikosi na tarehe, tusiutafute kwa lugha ambayo mtu anaongea nyumbani kwake.

Mimi nilisoma sheria, basi niwaeleze kwa ufupi inavyosema. Kwanza, Congo iliingia katika Mapatano ya Ottawa mwaka 2002. Mapatano hayo yanaipa serikali miaka kumi kutafuta na kuharibu mabomu ya kutegwa dhidi ya watu yaliyo katika ardhi yake. Muda wetu umeongezwa zaidi ya mara moja. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 iliyaingiza mapatano hayo katika sheria za nchi, na kazi hiyo inasimamiwa na kituo cha taifa kinachoitwa CCLAM. Kwa hiyo raia anayeomba shamba lake lisafishwe haombi sadaka. Anadai deni.

Pili, desturi ya sheria ya vita inasema kwamba aliyetega mabomu, vita vikiisha, ayaondoe au asaidie yaondolewe. Tatu, Itifaki ya mwaka 2003 inahusu mabaki mengine ya vita, kama maguruneti na makombora. Inaweka mzigo wa kwanza juu ya yule anayeishika ardhi baada ya mapigano. Aliyepiga akaondoka anapaswa kusaidia kwa habari, kwa wataalamu au kwa fedha. Kwa lugha ya kijijini: mwenye kushika nyumba afagie, na aliyemwaga takataka alete ufagio.

Je, sisi raia tuna kazi gani? Kusafisha si kazi yetu. Usiguse, usichome moto, usibebe chuma hicho kwenda kukiuza. Rudi kwa nyayo zako. Ukiwa mbali, weka matawi au mawe njiani ili mwingine asipite, kisha mwambie chefu.

Nawe chefu, kamata daftari. Andika siku, mahali, kitu kilichoonekana, aliyeumia, na kikosi gani kilipiga kambi pale na mwaka gani. Usiandike kabila. Fanya nakala mbili, moja ikae kwako, nyingine kwa mwami. Usimgawie wala kumkodishia mtu shamba lenye mashaka, wala usimharakishe mkimbizi kurudi kabla shamba lake halijapimwa. Na viongozi wanapokaa kuzungumza amani na makamanda wa upande wowote, waulize: mlipiga kambi wapi, mlifanyia mazoezi wapi, mliacha nini? Jibu la swali hilo linaweza kuokoa miguu ya mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Wasamburu walingoja miaka mingi wakidhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, lilikuwa deni. Na deni lisiloandikwa husahauliwa na mdaiwa kabla ya mdai.