Mtoto Aliyeisogeza Saa

Msomaji kijana, katika methali zetu imo moja uliyoisikia tangu utotoni: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Umekwisha kuiandika katika insha zako mara nyingi, na huenda imekwisha kukuchosha. Leo nataka kukusimulia habari za mtoto aliyepigana na ukuta huo kwa mikono yake mwenyewe. Si mtoto wa hadithi. Aliishi, akakua, akawa mtu mashuhuri, na kisa hiki alikieleza bila kuficha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1901.

Jina lake ni Booker T. Washington. Alizaliwa yapata mwaka 1856, katika shamba moja la jimbo la Virginia, nchini Marekani. Nasema yapata, kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa, naye alizaliwa mtumwa, na siku yake ya kuzaliwa hakuijua kwa hakika. Fikiri neno hilo kidogo. Sisi husema kwamba mtumwa ni mtu asiyemiliki mwili wake. Ni kweli, lakini haitoshi. Mtumwa hamiliki wakati wake pia. Jua likichomoza, ni la bwana wake. Likitua, ni la bwana wake. Hawezi kusema, "Leo jioni nitajifunza kusoma," kwa maana hana jioni.

Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wakawa huru. Mama yake Booker akawachukua watoto wake mpaka mji mdogo wa Malden, katika jimbo la West Virginia, ambako mumewe alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha chumvi. Huko maji ya chumvi yalichemshwa juu ya matanuri mpaka chumvi ikabaki peke yake, kisha ikapakiwa katika mapipa. Booker akatiwa kazini angali mtoto mdogo, na mara nyingi kazi ilianza saa kumi alfajiri. Mapipa ya baba yake wa kambo yalitiwa alama ya namba 18. Hiyo namba 18 ndiyo maandishi ya kwanza aliyojifunza kuyatambua duniani.

Baadaye shule ya watoto weusi ikafunguliwa karibu na hapo. Booker alitamani kwenda, lakini baba yake wa kambo akakataa, kwa kuwa mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Kila asubuhi mtoto huyu, akiwa kazini, aliwaona wenzake wakipita kwenda shule, na kila alasiri akawaona wakirudi. Hakulalama tu. Alipatana na mwalimu amfundishe usiku, baada ya kazi, akajifunza hivyo kwa bidii. Mwisho baba yake wa kambo akakubali, lakini kwa sharti: Booker afanye kazi tangu alfajiri mpaka saa tatu ya asubuhi, ndipo aende shule, na shule ikifungwa alasiri, arudi kiwandani mara moja afanye kazi kwa muda wa saa mbili zaidi.

Sasa tazama shida iliyomo. Kazi ilikwisha saa tatu. Shule ilianza saa tatu. Na shule ilikuwa mbali kidogo na kiwanda. Fanya hesabu hiyo wewe mwenyewe, nawe utaona kwamba haina jibu. Kila siku alipofika, masomo yalikuwa yamekwisha kuanza, na siku nyingine darasa lake lilikuwa limekwisha kutoa majibu yake mbele ya mwalimu.

Katika ofisi ndogo ya kiwanda palikuwa na saa kubwa. Wafanya kazi wote, watu mia na zaidi, waliitegemea saa hiyo kuanza na kumaliza kazi. Asubuhi moja, ilipokuwa saa mbili u nusu, mtoto Booker aliingia humo akaisogeza mishale mpaka saa tatu, akaondoka zake kwenda shule. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na siku nyingine, na nyingine tena. Mwisho nyapara akatambua kwamba pana jambo, akaifungia saa ndani ya kasha. Booker alieleza baadaye kwamba hakukusudia kumtaabisha mtu. Alitaka kufika shule kwa wakati, basi.

Kila ninapolisimulia jambo hili darasani huwauliza wanafunzi wangu: Je, mtoto huyu alikuwa mwizi? Nao hugawanyika. Wengine husema kwamba aliiba nusu saa ya mwenye kiwanda, na saa ya uongo hudanganya watu wote. Wengine husimama na kusema kwamba nchi iliyokuwa imewanyima wazazi wake maisha yao yote haikuwa na haki ya kumdai mtoto nusu saa. Mimi sikuhukumii, hukumu mwenyewe. Lakini ziko habari mbili ambazo hakuna upande uwezao kuzikana. Ya kwanza, kiu ya mtoto huyu ilikuwa kubwa hata dakika thelathini zikawa mbele yake kama mali. Ya pili, mishale ilisogea, lakini jua halikusogea. Saa iliweza kusukumwa, wakati haukusukumika. Na kasha lilipofungwa, mtoto akarudi pale pale alipokuwa.

Basi alifanyaje? Hapa ndipo somo letu linapoanza. Haukupita muda mrefu akalazimika kuiacha shule ya mchana na kufanya kazi siku nzima, kisha akafanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Tangu hapo hakuwa na saa ya kusogeza. Alikuwa na usiku tu, na usiku huo akautumia. Mara nyingine alitembea maili kadhaa gizani ili amsomee mwalimu yale aliyojifunza. Baadaye akaajiriwa katika nyumba ya bibi mmoja, Viola Ruffner, aliyesifika kwa ukali, ambaye alitaka kila kitu kiwe safi na kila kazi ifanywe kwa wakati wake. Watumishi wengi walimkimbia bibi huyo. Booker alikaa, na baadaye akasema kwamba mafunzo aliyoyapata katika nyumba ile yalikuwa na thamani kwake sawa na elimu yoyote aliyoipata mahali pengine.

Mwaka 1872 alikwenda kutafuta chuo cha Hampton, safari ya maili zipatazo 500. Sehemu alisafiri kwa gari, sehemu kwa miguu, na katika mji wa Richmond alilala chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu. Alipofika, mwalimu mkuu wa kike hakumwuliza maswali ya kitabuni. Alimwambia afagie chumba cha darasa. Booker alikifagia mara tatu, akakifuta vumbi mara nne, akapokewa. Akapewa kazi ya kutunza vyumba ili alipe gharama zake. Kazi hiyo ilimchukua mpaka usiku mwingi, na saa kumi alfajiri alikuwa amekwisha kuamka, awashe moto na kujipatia muda mdogo wa kutazama masomo yake. Alihitimu mwaka 1875.

Angalia saa hiyo, msomaji. Katika kiwanda cha chumvi aliamka saa kumi alfajiri. Katika chuo aliamka saa kumi alfajiri. Baridi ni ile ile na usingizi ni ule ule. Tofauti ni nini? Saa aliyoitoa kiwandani ilikwenda katika mapipa ya mtu mwingine, na namba yake ikaandikwa juu. Saa aliyoitoa kwa masomo ilibaki kichwani mwake, na hapana nyapara awezaye kuifungia kashani.

Mwaka 1881 alianzisha chuo cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama, akiwa na wanafunzi 30. Chuo kilipokua, siku yake iliendeshwa kwa kengele. Kengele ya kuamka ililia saa kumi na moja alfajiri, na ya kulala saa tatu u nusu usiku. Kati ya hizo palikuwa na wakati wa kusafisha vyumba, wa kazi za mikono, wa darasa, wa sala, na hata dakika tano za kusikiliza habari za ulimwengu. Wapo waliompinga katika mambo mengine. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois aliandika mwaka 1903 kwamba Washington alitia mkazo mno katika kazi za mikono na akanyamazia mno haki za watu weusi. Hoja hiyo ni nzito, na mfano wa vyuo hivyo ulipofika kwetu hoja ilifuatana nao. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambamo alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Kwa hiyo kengele ya Tuskegee haikulia mbali nasi kama unavyodhani.

Nami niungame jambo moja. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika ratiba ya kusoma kwa wino mwekundu na wa buluu, nikaibandika ukutani. Wenzangu waliisifu. Juma la kwanza niliifuata siku mbili. Juma la pili niliandika nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Mtihani ulipokuja nilikuwa na ratiba nne na elimu haba. Sikujua wakati ule kwamba nami nilikuwa nikisogeza mishale ya saa. Mwanafunzi anayesema "nitaanza Jumatatu" anasogeza mishale. Anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani, akitaka miezi mitatu iingie katika usiku huo, anasogeza mishale. Anayekaa mbele ya daftari saa mbili huku moyo wake uko uwanjani, naye vile vile.

Mtoto wa Malden alikuwa na udhuru, kwa maana wakati wake ulishikwa na wengine. Wewe udhuru wako ni upi? Sisemi kwamba siku yako yote ni yako. Najua mzigo wa kuni, ng'ombe, wadogo zako na njia ndefu ya shule. Lakini katikati ya hayo imo nusu saa ambayo hakuna mtu anayekudai. Itafute, uijue iko wapi, uirudie kila siku. Kesho kengele itakapolia na blanketi likakuvuta, jiulize neno moja tu: Saa hii ni ya nani?