Hades na Neno "Kuzimu"



Katika Kanuni ya Imani ya Mitume twakiri kwamba Kristo, baada ya kuzikwa, alishukia kuzimu. Wengi huuliza: je, Bwana alikwenda kwa shetani? Jibu na tulitafute katika historia ya neno lenyewe.

Katika Agano Jipya la Kigiriki, kuzimu huitwa Hades, nalo ni jina la mungu wa wafu wa Wagiriki wa kale. Mshairi Homer asimulia kwamba wana watatu wa Kronos walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, na Hades giza la chini ya nchi. Huyu hakuwa mjaribu wa watu. Alikuwa mfalme mkali asiyebembelezeka. Mbwa wake, Kerberos, aliwaacha wafu waingie, asiwaache watoke. Hata Persephone, aliyetekwa awe mke wake, alikula komamanga la huko chini, na kwa hiyo alirudi kwa mama yake, Demeter, kwa sehemu tu ya kila mwaka.

Watu waliogopa kulitaja jina la Hades. Walimwita Plouton, yaani mwenye utajiri, kwa kuwa mazao na madini hutoka ardhini. Huko Elis hekalu lake lilifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, na aliyeingia ni kuhani peke yake.

Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria walitafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki. Walilitumia neno Hades kwa Sheoli, makao ya wafu, wema kwa wabaya. Mungu yule akaachwa, likabaki jina la mahali. Ndiyo maana Biblia zetu za Kiswahili hutofautisha kuzimu na jehanamu. Na Ufunuo, sura ya 20, hufundisha kwamba mauti na kuzimu vyenyewe vitatupwa katika ziwa la moto.

Basi, tunapokiri hivyo, twasema kwamba Kristo alikufa kweli kama wanadamu wote, akaingia mahali ambapo Wagiriki hawakutumaini kurudi, akaufungua mlango kwa ndani. Ndugu makatekista, wafundisheni hivyo wakatekumeni wenu. Naye aliyefiwa juma hili asidhani kwamba marehemu wake amekwenda mahali ambapo Bwana hajapata kufika.