Maili za Ndege: Historia ya Nyongeza Isiyotiwa Kapuni



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa Kakoba, wa Nakivale na popote mlipo. Katika makala hii tumeona ni vyema tueleze historia ya jambo ambalo familia nyingi zinalisikia bila ya kulielewa vizuri, nalo ni maili za ndege. Hizi ni pointi ambazo shirika la ndege humwandikia msafiri kila anaposafiri, na zikifika kiasi kinachotakiwa hupewa tiketi kwa pointi hizo.

Huenda mtu akauliza: sisi wa Kakoba na maili za ndege, wapi na wapi? Kutoka Mbarara hadi Kampala tu ni kilomita zipatazo 270, na Entebbe iko mbele zaidi ya hapo. Jibu ni kwamba ndege imeshaingia majumbani mwetu zamani. Kuna mwenye mtoto anayesoma Madina, kuna aliyekwenda Umra, kuna mwenye ndugu anayefanya kazi Dubai au Doha. Na ndugu zetu wa Nakivale wengi wana baba, dada au mtoto aliyehamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya. Katika safari zote hizo maili ziliandikwa, au zilipotea kwa kutojua.

Nyongeza ya sokoni

Kila anayenunua nyanya au maharage katika soko la Mbarara anaijua nyongeza. Ukishapimiwa, muuzaji huongeza kidogo juu ya kipimo ili kesho urudi kwake na si kwa jirani yake. Neno hili ni la Kiswahili, na ndugu zetu Waganda na Wanyankole nao wanalitumia.

Wafanyabiashara wa nchi nyingine nao waliijua hila hii njema. Huko Marekani, tangu mwaka 1896, palikuwa na stempu za S&H ambazo mteja alizikusanya madukani, akazibandika katika kitabu, kisha akazibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Maili za ndege zimezaliwa katika ukoo huo huo.

Lakini ipo tofauti moja kubwa, na tunaomba msomaji aishike mpaka mwisho. Nyongeza ya sokoni hutiwa kapuni hapo hapo, na ukishafika nyumbani ni mali yako. Maili za ndege hazitiwi kapuni. Zinabaki mikononi mwa muuzaji, katika daftari lake, kwa masharti yake. Kwa hiyo maili ni ahadi ya kupewa, na historia yake ni historia ya ahadi hiyo.

Ilivyoanza

Mpaka mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli na njia za ndege nchini humo. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, mashirika yakaachiwa kushindana. Nauli ziliposhuka na wateja wakaanza kuhama kutoka shirika hadi shirika, wenye mashirika walitafuta kamba ya kuwafunga.

Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha AAdvantage, na mwezi huo huo United wakajibu kwa Mileage Plus. Hesabu ilikuwa nyepesi: umbali uliosafiri angani ndio pointi zako. Ndiyo maana zikaitwa maili.

Kulikuwa na hekima ya kibiashara ndani yake. Ndege inayoruka na viti vitupu hairudishi hasara ya viti hivyo. Kumpa mteja mwaminifu kiti ambacho kingebaki kitupu ni gharama ndogo kwa shirika, lakini kwa mteja ni zawadi kubwa. Kisha mabenki yakaingia, yakawa yananunua maili kutoka kwa mashirika na kuwapa wateja wanaotumia kadi zao. Biashara hii ilikua mpaka, wakati wa korona, mwaka 2020, United walikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani programu yao ya maili, na Delta wakakopa dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Nyongeza ikawa na thamani ya kuwekwa rehani!

Ilivyofika Afrika Mashariki

Wazee wetu wanalikumbuka shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa na nchi zetu kwa pamoja. Lilisambaratika mwaka 1977, miaka minne kabla ya maili kuanza Marekani, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Uganda Airlines iliyoanzishwa mwaka 1976 ilifungwa mwaka 2001, kisha ikafufuliwa mwaka 2019.

Kwa hiyo maili zilitufikia zaidi kupitia mashirika ya nje na ushirika wao na ya kwetu. Kampuni ya KLM ya Uholanzi iliponunua asilimia 26 ya Kenya Airways katikati ya miaka ya 1990, msafiri wa Nairobi aliweza kukusanya pointi katika programu ya Waholanzi hao. Air France na KLM walipoungana, programu zao zikawa moja mwaka 2005 kwa jina la Flying Blue, na Kenya Airways wakawemo ndani yake kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha programu yao wenyewe, Asante Rewards. Emirates walikuwa wameanza Skywards mwaka 2000. Ethiopian wana ShebaMiles, na tangu walipojiunga na umoja wa Star Alliance mwezi Desemba 2011, anayesafiri nao anaweza kuandikiwa maili katika programu ya shirika jingine la umoja huo, kama vile Turkish Airlines.

Jambo hili la umoja wa mashirika ni muhimu kwa watu wetu. Anayesafiri mara moja kwa miaka miwili akifungua akaunti katika kila shirika, hatafika popote. Akichagua moja, na akasafiri na washirika wake, vidogo vidogo vitakusanyika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe kimoja.

Nakivale na deni la tiketi

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yamo katika wilaya ya Isingiro, na watu zaidi ya laki moja wanaishi humo: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo.

Kwa miongo mingi, mkimbizi aliyekubaliwa kuhamia Marekani hakupewa safari ya bure kama wengi wanavyodhani. Shirika la Uhamiaji la Kimataifa, IOM, lilikata tiketi, na mkimbizi alitia saini hati ya kukiri deni. Ule mfuko mweupe wenye nembo ya IOM ambao watu wetu waliubeba mpaka uwanja wa ndege, ulibeba na deni ndani yake. Deni halikuwa na riba, na jambo hili liliwapa nafuu Waislamu wengi, lakini familia ya watu saba ilianza maisha mapya ikidaiwa maelfu ya dola. Kanada nao walikuwa na mikopo ya namna hiyo, tena yenye riba, mpaka Februari 2018 walipoacha kutoza riba.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na hata waliokuwa wameshapangiwa tarehe ya ndege walifutiwa safari. Hapo maili haziwezi kusaidia chochote, kwani maili hununua kiti na hazinunui ruhusa ya kuingia nchi ya watu.

Lakini lipo kundi jingine, ambalo ruhusa wanayo na nauli hawana. Mume amepata hifadhi Ulaya, mke na watoto wamekubaliwa kumfuata, viza ina tarehe ya mwisho, na tiketi haziko. Hapa siku zinahesabiwa, na ndipo maili zilipopata kazi ambayo waanzilishi wake hawakuifikiria.

Maili zinapokuwa sadaka

Mwaka 2016 watu wachache nchini Marekani, waliojuana kwa mazungumzo ya intaneti juu ya maili, walianzisha taasisi iitwayo Miles4Migrants. Waliona kwamba watu wengi wana maili ambazo hawatazitumia, na upande wa pili kuna familia zenye ruhusa zilizokwama kwa nauli. Mtoaji hutoa maili zake, mashirika ya kusaidia wakimbizi huleta majina ya wanaostahiki, kisha tiketi hukatwa kwa jina la msafiri. Mwaka 2021, Waafghanistan walipokimbia nchi yao, michango ya namna hii iliongezeka sana.

Jambo hili halihitaji taasisi kubwa. Programu nyingi zinamruhusu mwenye akaunti kumkatia tiketi mtu mwingine kwa maili zake. Kaka aliye Ohio au Toronto, ambaye kila mwaka maili zake zinakufa, anaweza kumkatia mama yake aliye Nakivale akishapata viza. Kuunga udugu ni katika mambo tuliyohimizwa sana katika dini yetu, na hapa kuna njia ambayo haitoi fedha nyingi mfukoni.

Historia inatufundisha nini?

Kwanza, maili humfuata aliyekaa kitini, si aliyelipa. Baba akiwalipia watoto wanne, kila mtoto huandikiwa zake. Baadhi ya programu huruhusu familia kuziunganisha katika akaunti moja. Ulizeni kabla ya safari.

Pili, jina katika akaunti lifanane na la hati ya safari. Watu wetu wengi wana jina moja katika kitambulisho cha mkimbizi na mpangilio mwingine katika hati ya safari. Tofauti ya herufi moja inaweza kuzuia maili kuingia.

Tatu, msitupe kadi ya kupandia ndege. Maili zisipoingia, hiyo na tiketi ndiyo ushahidi wenu, na muda wa kudai ni mfupi. Pia fahamuni kwamba tiketi nyingi za vikundi na za bei maalumu hazipati maili.

Nne, msizihifadhi kama dhahabu. Maili za Skywards huishi miaka mitatu. Tena shirika linaweza kupandisha idadi ya maili zinazotakiwa siku yoyote. Delta na United mwaka 2015, na Flying Blue mwaka 2018, waliacha kuhesabu umbali wakaanza kuhesabu fedha ulizolipa, na aliyezoea kununua tiketi rahisi ya safari ndefu akajikuta anapata kidogo. Jina la maili limebaki, maana yake imeondoka.

Tano, tiketi ya maili si bure kabisa. Kodi na ada za uwanja hulipwa kwa fedha taslimu, na wakati mwingine ni nyingi. Linganisheni kwanza na bei ya tiketi ya kawaida.

Sita, tahadharini na njia ya kuzipata. Kadi ya benki inayokupa maili huku ikikutoza riba kwa deni ulilochelewa kulipa, imekupa kwa mkono mmoja na kukuchukulia kwa mwingine, nasi Waislamu tunajua hukumu ya riba. Na aliyesafirishwa na mwajiri wake amuulize kama maili ni zake. Hiyo ni amana.

Saba, wapo matapeli wanaouza "tiketi za pointi" kwa bei ya chini, na wengine wanaodai fedha ili kukuweka katika orodha ya kuhamishwa. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Usimpe mtu yeyote neno la siri la akaunti yako.

Ndugu zetu, muuza nyanya wa sokoni hawezi kukunyang'anya nyongeza aliyokwisha kukupa. Shirika la ndege linaweza, na limeshafanya hivyo mara nyingi. Basi mwenye maili leo aangalie tarehe yake ya kumalizika, kisha aangalie katika ukoo wake ni nani anayengojea kiti. Wanafunzi, wasaidieni wazazi wenu kufungua daftari hilo katika simu, kwani wengi wana maili na hawajui.

Tunamuomba Allah awakutanishe waliotenganishwa na awasahilishie safari zao. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.