Pori Lenye Wenyewe

Aliyefanya mtihani wa jiografia wa kidato cha nne anaikumbuka ramani ile: kipande cha karatasi chenye kontua za kahawia, mito ya buluu, na swali linalokutaka utaje shughuli za kiuchumi za eneo husika na utoe ushahidi. Wengi wetu tulijibu, tukapata maksi zetu, tukaachana nayo. Mimi nimeirudia sasa, nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na safari hii natafuta sehemu moja tu: Bunju.

Bunju wengi wanaijua kwa maandishi ya daladala. Ni mwisho wa Kinondoni upande wa kaskazini, ukishapita Tegeta na Boko, kabla hujavuka Mto Mpiji na kuingia Bagamoyo. Muulize yeyote aliyejenga huko miaka ya karibuni palikuwaje kabla hajahamia, atakujibu kwa neno moja: pori. Na hesabu zinaonekana kumuunga mkono. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 katika jiji la Dar es Salaam. Ya 2022 ilikuta 5,383,728 katika mkoa mzima. Watu wote hao walipata mahali pa kuishi, na tunapenda kuamini kwamba mahali hapo palikuwa patupu.

Ramani za zamani hazikubali kirahisi hivyo. Zile za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Kazi hiyo ilishikwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa Uingereza mwaka 1946, na baada ya uhuru ikaendelea kwa ushirikiano na idara yetu ya upimaji na ramani. Mchoraji akiona paa kwenye picha, aliweka nukta. Akiona minazi, aliweka alama ya mnazi. Njia ya miguu ikawa mstari wa vipandevipande. Fuata Barabara ya Bagamoyo kwa kidole hadi karibu na mikoko ya mdomo wa Mpiji, utakuta nukta, minazi, na vijia vinavyotoka bara kwenda pwani. Kijia hakijichori chenyewe. Ni nyayo za watu waliokwenda kisimani, shambani na msibani mara nyingi kiasi cha kuonekana kutoka angani.

Lakini ramani nayo ina pori lake. Penye majani mengi na mapaa machache, ufunguo unasema vichaka, basi. Picha ya ndege ni ya siku moja, na kilimo cha Wazaramo ni cha miaka. Mkulima alilima muhogo au mpunga misimu michache, kisha akaliacha shamba lipumzike. Kwa aliye juu, shamba lililolala na msitu usioguswa hufanana.

Mzee mmoja wa huko niliyemfungulia karatasi hakuhangaika na nukta za nyumba. Aliuliza miembe iko wapi. Nyumba ya miti na udongo huanguka, alinieleza, mwembe hubaki. Ukikuta miembe mikubwa imesimama pamoja katikati ya vichaka, hapo ni mahame: watu walikaa, na huenda wengine wamezikwa papo hapo. Katika mila za pwani mti wa kudumu ni kama hati. Mtu aliyeazimwa shamba aliruhusiwa kupanda muhogo, lakini si mnazi, maana mwenye mnazi ana la kudai.

Kuiita ardhi tupu kuna historia yake, na historia hiyo imo ndani ya sheria. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri iliyoifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola. Shamba lililolala lingejitetea kwa karatasi gani? Waingereza walileta sheria yao ya ardhi mwaka 1923, na ikabidi wairekebishe mwaka 1928 ili haki za kimila zitajwe waziwazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inazitambua haki hizo. Ila mji ukifika, kijiji hugeuka mtaa, na mwenye mwembe hukutana na mwenye ofa.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilizokuwa zikiishi Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, jirani na Bunju. Juni 2012 Mabwepande ikatajwa tena kwenye magazeti, mara hii kama msitu, alipotekwa na kutupwa huko kiongozi wa mgomo wa madaktari. Mwaka mmoja, mahali pamoja: makazi mapya na msitu wa kutisha. Wenyeji waliokuwa wakilima huko kabla ya yote hayo ni vigumu kuwaona katika habari zote mbili.

Sidai kwamba ramani itamrudishia mtu kiwanja. Haina jina la mwenye shamba hata mmoja. Inachoweza ni kubadilisha swali. Penye ugomvi tumezoea kuuliza nani alianza kujenga. Alama zile ndogo zinatutaka tuulize nani alipanda. Kwa hiyo kazi yangu sasa ni kuchukua kila alama ya mti na kila kijia, kuvilinganisha na picha za setilaiti za leo, kisha kwenda Bunju na wazee wangali hai, tutembee. Miembe mingine tayari imo ndani ya kuta za watu. Kila Desemba inazaa, na wanaookota embe hawajui ni za nani.