Makosa ya Usimamizi wa Mabadiliko katika Ushirika wa Kahawa, Bukoba na Muleba

Ushirika wa kahawa katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, umebadilishiwa mfumo mara kadhaa tangu chama kikuu cha kwanza, Bukoba Native Cooperative Union, kilipoandikishwa mwaka 1950. Historia hiyo inaonyesha wazi makosa yanayowakuta mameneja, maofisa ushirika na viongozi wa serikali wanaokabidhiwa kazi ya kubadili taasisi. Kubwa kati ya makosa hayo ni kuondoa utaratibu wa zamani kabla ya kujua ulikuwa unawasaidia nini watu.

Kuamuru ni kosa la tangu ukoloni. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza ilipotoa kanuni za utunzaji wa mibuni, wakulima wa Buhaya, yaani eneo la Wahaya mkoani humo, walizipinga hadi vurugu zikazuka. Lengo lilikuwa ubora wa zao, jambo lenye faida kwa mkulima mwenyewe, lakini kanuni ziliingia kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, bila mwenye kibanja kushauriwa.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchi nzima, na kazi zao zikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Malalamiko ya ubadhirifu yalikuwepo na yalistahili kushughulikiwa. Hata hivyo, pamoja na viongozi wabovu viliondolewa pia uzoefu wa makarani, usafirishaji na kumbukumbu za madeni, vitu ambavyo havijengwi kwa msimu mmoja. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu kurudi, na Bukoba ikapata Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU. Muundo ulirudi, ila imani haikurudi kwa kasi hiyo. Uanachama wa hiari ulisisitizwa baadaye, katika sheria ya mwaka 1991.

Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walilipa taslimu papo hapo, ilhali ushirika ulitoa malipo ya awali na nyongeza baadaye. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi. Ndipo tatizo la butura lilipojitokeza waziwazi. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini sana, kwa mtu anayetoa fedha mapema. Ni unyonyaji, na viongozi wameupiga vita kwa haki. Lakini mahitaji ya shule huja Januari, na mavuno huanza karibu na Mei. Ugonjwa na msiba navyo havingoji msimu. Mwenye fedha za butura humfuata mkulima nyumbani na kumpa noti mkononi siku hiyohiyo. Chama humpimia kilo zake za kahawa ya maganda, humwandikia stakabadhi, kisha humtaka asubiri. Kupiga marufuku butura bila kuweka mkopo mdogo wa kabla ya mavuno ni kumwacha mkulima na shida ileile. Malipo yanapochelewa, biashara hujificha na baadhi ya kahawa huvuka mpaka kwa magendo kuingia Uganda. Msimamizi anayehesabu magunia yaliyofika ghalani tu hawezi kuona hayo.

Kosa lisilozungumzwa vya kutosha ni kumwarifu mtu asiye mtendaji. Kitabu cha wanachama kwa kawaida huwa na jina la mwenye kibanja, ambaye mara nyingi ni mwanamume aliyerithi kiukoo. Kuchuma, kuanika na kuchambua kahawa ni kazi inayobebwa kwa sehemu kubwa na wanawake. Tangazo la utaratibu mpya wa ubora linapoishia kwenye mkutano mkuu, wajumbe hulipigia kura, na wanaoanika hulisikia siku kahawa yao inapokataliwa kwenye mizani kwa unyevu.